Bi Nusu na Kanuni ya Ukurasa wa Tisini na Nne

Katika kiwanda cha kuchapa vitabu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Nusu, kifupi cha Bi Nusu Milimita, kwa sababu aliwahi kukisimamisha kitabu kizima cha hesabu mlangoni mwa chumba cha mashine, kurasa mia mbili na ushee, eti mstari mmoja wa sehemu, ule wa kati ya namba ya juu na ya chini, umesogea kushoto nusu milimita. Meneja alipima kwa rula ya plastiki. Hakuridhika, akatafuta ya chuma. Nusu milimita kamili. Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana tena na macho ya mwanamke yule, na jina likamganda.

Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu vya hesabu kwenye kompyuta, na alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na sita. Mwandishi wa kitabu aliziandika kanuni kwa mkono, zimepinda na kufutwafutwa, na Bi Nusu akazitoa upande wa pili zimenyooka, kila alama mahali pake, hata mtu asiyejua hesabu akatamani kuzitazama tu. Na hapo ndipo penye kichekesho, maana mtu wa kwanza asiyejua hesabu alikuwa yeye mwenyewe. Hesabu hazikumpanda tangu kidato cha pili. Alichokijua ni sura zake. Ungemwonyesha kanuni yoyote angekuambia imechuchumaa, imesimama au imelewa, lakini usimuulize inasema nini.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, aliyorithi kwa fundi aliyempokea ujanani. Ndani ya programu kulikuwa na kitufe maalumu cha kutengenezea kanuni, lakini Bi Nusu alikiita kitufe cha wavivu, kwa kuwa kanuni zake, alisema, hukaa kama nguo ya kuazima. Yeye alichora mistari yote kwanza, ya sehemu na ya vipeuo. Kisha akaweka namba na herufi kipande kimoja kimoja, kila kipande na kisanduku chake, kuanzia chini kwenda juu, jinsi mwashi anavyopandisha ukuta. Kwenye karatasi hakuna aliyeweza kujua. Karatasi haisimulii kipi kilitangulia.

Sasa, Bi Nusu alikuwa na wifi yake, dada wa mume, na hawa wawili walipendana kwa ule upendo wa mawifi, yaani kwa kuchokozana. Wifi alikuwa mwalimu wa hesabu, tena mwalimu haswa, wa kuingia darasani bila daftari. Miaka minne nyuma presha ya macho ilimchukua kidogo kidogo, jicho la kushoto, halafu la kulia, mpaka siku moja akauliza mbona taa hazijawashwa, kumbe ni saa sita mchana. Shule haikumfukuza. Ilimpa kiti cha mapokezi na simu. Yule aliyekuwa akifundisha watoto mia na hamsini akawa anasema "Shule, habari" kuanzia asubuhi mpaka jioni, na wakati wa chakula cha mchana alivaa spika za masikioni akasikiliza vitabu vyake vya hesabu kwa kompyuta inayosoma kwa sauti. Watu walimhurumia. Yeye huruma hakuitaka, alitaka chaki.

Basi mwalimu wa hesabu wa kidato cha nne akahama, mwaka ukiwa katikati. Mwalimu mkuu, mtu wa haki lakini mwoga wa lawama, akamwita wifi ofisini. Mkaguzi angefika baada ya wiki tatu, alimwambia. Afundishe kipindi kimoja mbele yake, kwa kitabu kipya kinachoingia shuleni kwa kompyuta, sawasawa na walimu wengine. Akiweza, darasa ni lake. Asipoweza, jambo lile lisizungumzwe tena.

Jumamosi asubuhi wifi alikuwa ameshafika kwa Bi Nusu, kompyuta kwapani, fimbo yake inagonga mguu wa meza.

"Wifi, hiki kitabu kipya cha hesabu nani kakipanga?"

"Kuna mwingine wa kukipanga?" Bi Nusu akajibu, kifua mbele. "Jalada mpaka jalada ni mkono wangu."

"Vizuri. Kaa hapa basi, usikie mkono wako."

Akabonyeza. Ilikuwa ni ile kanuni kubwa ya sura ya tano, ile ya kutafutia x kwenye mlinganyo wenye kipeo cha pili, ambayo Bi Nusu alikuwa ameipanga mara nyingi kuliko alivyopanga meza ya kulia. Sauti ya mashine ikasema, bila haya wala wasiwasi: "Mbili a. Toa b jumlisha au toa. B mbili toa nne a c. X sawa na."

"Hiyo mashine yako mbovu," Bi Nusu akasema.

"Mashine nzima kabisa. Imesoma gazeti asubuhi, haikukosea neno."

"Hebu jaribu kitu chepesi. Nusu. Ukurasa wa kwanza kuna nusu."

Wifi akaitafuta. "Mbili moja," ikasema mashine.

Bi Nusu akabaki ameishika kahawa yake, hainywi. Haikumchukua muda kuelewa, maana ni mtu wa kazi zake. Mashine haina macho. Inaokota vipande kwa utaratibu ule ule mkono ulioviweka, cha chini kwanza kwa kuwa yeye alianza na cha chini, na mistari haiisemi kabisa, kwa sababu kwake mstari ni mchoro tu. Uzuri wote ulikuwa wa kutazamwa. Kwa msikilizaji, kitabu chake kilikuwa kapu la vigae. Aliona aibu hata masikio yakamwaka, na wifi, asiyeuona uso ule, akaisikia aibu yenyewe katika namna kikombe kilivyorudi mezani.

"Sikuja kukulaumu," wifi akasema, safari hii bila utani. "Nimekuja kwa sababu nina wiki tatu. Wifi, nikilikosa hili darasa nitapokea simu mpaka nizeeke. Nitakufa nasema 'Shule, habari'."

Bi Nusu akapiga moyo konde. Jumatatu akaingia kwa meneja, ambaye mafundi walimpachika jina la Bwana Tarehe, maana salamu yake ilikuwa "itakuwa tayari tarehe ngapi?" Akamweleza. Bwana Tarehe akasikiliza, akakuna kichwa, akauliza tarehe. Wakakubaliana kwamba ataipanga upya sura ya tano, ndiyo ya kufundishwa siku ya mkaguzi, kanuni mia moja sitini na tatu, na asicheleweshe kazi nyingine hata moja.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Alisikia kwamba kila kanuni inaweza kubandikwa maelezo ambayo mashine itayasoma badala yake, akaona hilo ndilo jepesi. Akayaandika kwa bidii, kwa jicho lake la fundi. Wifi akabonyeza, akasikia: "Kuna mstari mrefu wa kulala, unene robo pointi. Juu yake kuna alama ya kipeuo yenye paa lililonyooka vizuri."

Wifi alicheka mpaka akashika meza. "Wifi yangu! Nimekuuliza mtu kasema nini, wewe unanisimulia shati alilovaa!"

Hapakuwa na ujanja. Ilibidi akiendee kitufe cha wavivu. Na kitufe kile, kumbe, hakikuwa cha wavivu hata kidogo. Kabla hakijakubali kuandika chochote, kilitaka kuambiwa: hii ni sehemu, juu kuna nini, chini kuna nini, inaanzia wapi, inaishia wapi? Kipeuo hiki kinafunika b peke yake, au b na vinavyoifuata? Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Bi Nusu hakuweza kupanga kanuni bila kujua inasema nini. Akawa anapiga simu shuleni.

"Shule, habari."

"Ni mimi. Swali la tisa. Mwandishi ameandika kipeuo, halafu x, halafu jumlisha tatu, na lile paa lake limekatika katikati kama la kibanda. Linafunika mpaka wapi?"

"Nisomee mlinganyo wote, na jibu lililoko nyuma ya kitabu." Bi Nusu akasoma, wifi akajibu papo hapo. "Linafunika mpaka tatu. Likiishia kwenye x, jibu haliji."

"Umepiga hesabu saa ngapi?"

"Sasa hivi. Kuna mzazi kwenye simu nyingine, kwaheri."

Bi Nusu aliweka simu, akaitazama kwa muda. Hakuna karatasi, hakuna kalamu, mlinganyo mzima umesimama ndani ya kichwa cha mtu, na mzazi anasubiri kwenye simu nyingine. Alikuwa amekaa na wifi huyu meza moja kwa miaka kumi na tisa, wanabishana juu ya chumvi, na hakuwahi kujua anakaa na nani.

Kanuni ya kwanza ilipokamilika alimpelekea wifi siku ile ile baada ya kazi, wakakaa mapokezi shule ikiwa imetulia. Wifi akabonyeza, na mashine ile ile ikasema: "X sawa na. Sehemu inaanza. Juu: toa b, jumlisha au toa, kipeuo kinaanza, b kipeo cha pili, toa nne a c, kipeuo kinaisha. Chini: mbili a. Sehemu inaisha."

Bi Nusu alishikwa na kitu ambacho hakukitegemea. Ilikuwa kama kutembezwa nyumba ambayo umepita nje yake kila siku: mlango unafunguliwa, ndani kuna chumba, ndani ya chumba kuna kingine, halafu vyote vinafungwa kwa zamu, hakuna kilichosahauliwa wazi. Hii ndiyo kanuni aliyoijua kwa sura miaka yote ile. Kumbe inasema. Kumbe kuna sababu b iko pale, na lile paa linamfunika nani, na kwa nini mbili a ibebe wote. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na yeye aliyejiita muundaji alikuwa amepaka rangi tu.

"Irudie," wifi akaiambia mashine kwa sauti ndogo, akabonyeza tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Miaka minne, wifi. Miaka minne sijaisikia imekaa sawa."

Basi kazi ikaenda. Chakula cha mchana akakila mbele ya kompyuta, Jumamosi zikaliwa. Kila siku kanuni kumi, siku nyingine kumi na mbili. Akazoea kuzisikiliza anapozimaliza, na mafundi wenzake wakapita mlangoni wakimwona ametega sikio, mdomo wazi kidogo, wakadhani anasikiliza mahubiri.

Zikabaki siku mbili na kanuni moja. Ukurasa wa tisini na nne, swali la kumi na mbili, la mwisho kwenye zoezi. Ilikuwa sehemu ndani ya sehemu: x ni sawa na moja jumlisha moja kwa kitu fulani, na kile kitu chenyewe ni moja jumlisha moja kwa x. Ngazi. Kwa mkono wake Bi Nusu alikuwa ameipanga vidato vyote vikiwa na ukubwa mmoja, mistari ikipungua kwa kipimo kile kile, na usinione mtu wa kutia chumvi nikisema ilikuwa kanuni nzuri kuliko zote kitabuni. Akaijaribu kwa kitufe. Kila kidato kikatoka kidogo kuliko kilichotangulia, mpaka ile x ya chini kabisa ikawa kama sisimizi. Akaifuta. Akajaribu tena, sisimizi akarudi. Akaitazama ile ya zamani ilivyosimama, na moyo ukamkatalia. Nani ataliuliza swali la kumi na mbili? Kipindi ni dakika arubaini. Akaiacha kama ilivyokuwa, na wifi alipouliza kama yote yako tayari akamwambia yako tayari.

Siku ya mkaguzi Bi Nusu aliomba ruhusa, akaketi nyuma ya darasa kwenye dawati dogo, magoti yakimgota. Mwalimu mkuu alikuwa upande wa dirisha. Mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alikifungua kitabu kwenye kompyuta yake na uso ambao haukusema lolote. Wifi akaingia, spika sikio moja, jingine la wanafunzi. Ubaoni alimweka kiranja awe mkono wake.

Na akafundisha! Jamani, akafundisha. Alimsomea kiranja kanuni kwa namna ile ile, inaanza, inaisha, juu, chini, na watoto ambao jana yake walikuwa wakiikodolea macho kanuni ile wakaanza kunong'ona "ahaa." Akamjua anayeota kwa jinsi kiti chake kilivyonyamaza. Mvulana mmoja alikosea alama, wifi akasikia kosa kabla kiranja hajamaliza kuliandika. Mkaguzi aliacha kuandika, akawa anatazama tu. Bi Nusu alijaa fahari hata akasahau magoti.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, msichana wa mbele akanyoosha mkono, halafu akakumbuka, akaita. "Mwalimu, swali la kumi na mbili silielewi kabisa. Lina ngazi."

Bi Nusu akalishika dawati kwa mikono miwili. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa aliyekuwa akifa si yeye, ni mwenzake, mbele ya watu.

"Tulisikie wote," wifi akasema, akachomoa waya wa spika. Sauti ya mashine ikajaa darasani: "X. Moja. Moja jumlisha. Moja. X sawa na moja jumlisha."

Wanafunzi wakatazamana. Mmoja akacheka, akazibwa mdomo. Mwalimu mkuu akasimama nusu, akakaa. Bi Nusu alitaka kupiga kelele kwamba kosa ni lake, lakini hakuthubutu. Wifi alikuwa amesimama, kichwa kimeinama kidogo upande. Akabonyeza mara ya pili, akasikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vikaanza kutembea hewani, taratibu, kutoka chini kwenda juu, kimoja baada ya kingine, kama vinaweka kitu.

"Kiranja, andika," akasema. "X sawa na moja jumlisha. Sehemu inaanza. Juu: moja. Chini: moja jumlisha, sehemu nyingine inaanza, juu moja, chini x, inaisha. Na ile ya kwanza inaisha."

Mkaguzi akainama kwenye kompyuta yake. Akatazama ubao. Akatazama tena kompyuta, akavua miwani. Ilikuwa ndiyo yenyewe, kidato kwa kidato. Na wifi hakungoja kusifiwa, alikuwa ameshaanza kuishuka ngazi pamoja na watoto, akizidisha huku na kule, mpaka ubaoni pakabaki x kipeo cha pili, toa x, toa moja, sawa na sifuri. Msichana wa mbele akasema, "Si ndiyo ile kanuni yetu tu!" Kengele ikalia na hakuna aliyesimama.

Bi Nusu hakuweza kusimama pia. Aliogopa, kwa ile hofu nzuri anayoipata mtu mbele ya kitu kikubwa kuliko alivyofikiri dunia inaweza kubeba. Alikuwa ameona mtu akiiinua kanuni kutoka katika kapu la vigae, nzima, kwa sikio tu.

Mwalimu mkuu aliwafuata koridoni. "Mwalimu," akasema, na kwa neno hilo hakuwa amemwita miaka minne, "Jumatatu kipindi cha kwanza." Akaenda zake upesi, mwoga wa lawama na wa machozi pia.

Walipobaki wawili, Bi Nusu akaungama. "Ile ngazi niliiacha kusudi, wifi. Nilikudanganya. Ilikuwa nzuri sana, nikashindwa kuiharibu. Nusura nikuue."

"Nilijua, mara ilipoanza na x peke yake."

"Ulijuaje ilivyokaa?"

"Vitabu vyote vya hesabu vilivyoko shule hii ni vyako. Unafikiri miaka minne nilikuwa nasikiliza nini pale kwenye simu? Nausikiliza mkono wako. Unaanza chini, unapanda. Ukimaliza sehemu ya ndani ndipo unatoka nje. Ukiwa umechoka unasahau alama ya kujumlisha, unairudia mwisho kabisa. Kanuni moja ilikuwa inanichukua mlo mzima wa mchana, siku nyingine wiki. Leo nimebahatika imekuwa fupi."

Bi Nusu akamshika wifi mkono. Miaka minne, mtu anayapapasa matofali yake gizani, amemjua hadi uchovu wake, na yeye anapima nusu milimita. Akaubana mkono ule.

"Usilie kwanza," wifi akasema. "Mimi nina bahati, fundi ni wifi yangu, mkono wake naujua. Je, yule aliyeko shule nyingine, asiyekujua?"

Bi Nusu hakurudi nyumbani. Alikwenda kiwandani moja kwa moja na viatu vyake vya kutokea, akafungua ukurasa wa tisini na nne. Akaitazama ile ngazi mara moja, vidato vyote sawa, mistari imepungua kwa kipimo. Kisha akafuta kila kisanduku na kila mstari, akabonyeza kitufe, akaanza upya kwa kuandika x sawa na.